Vichupa vya Tbilisi, Maji ya Pasiansi

Katika maduka ya dawa ya Tbilisi watu huongea chini chini. Mlango hujifungua wenyewe, ndani kuna joto la kukufanya uvue skafu, na wateja husubiri zamu zao wakiwa na makoti mazito na mikoba ya sokoni. Pembeni ya rafu za vidonge kuna friji yenye mlango wa kioo. Mpwa wangu, anayesomea udaktari mjini humo, alimwambia muuzaji maneno mawili matatu ya Kigeorgia. Mama yule akafungua friji, akatoa kiboksi cha karatasi ngumu na kukiweka mbele yetu. Ndani yake vichupa vya kioo vililala kwa safu. Nilinyanyua kimoja nikakielekeza kwenye taa. Kilikuwa na majimaji mepesi ya manjano iliyofifia, maangavu kiasi cha kuona vidole vyangu upande wa pili. Juu ya boksi palikuwa na maandishi ya Kigeorgia, yenye vitanzi na mikia, na pembeni jina la dawa kwa herufi tunazozijua: Pyo.

"Shangazi, hapo umeshika virusi," mpwa wangu akasema. "Mamilioni kwa mamilioni."

Nilikirudisha boksini taratibu. Nyuma yetu alisimama mama mwenye mtoto wa kama miaka mitatu. Zamu yake ilipofika alinunua boksi la aina nyingine, liitwalo Intesti, kwa ajili ya tumbo la mtoto. Hakuonyesha cheti cha daktari, wala muuzaji hakumuuliza. Alilipa, akalitia boksi kwenye mkoba uliokuwa na mkate mrefu uliochongoka ncha zote mbili, akamfunga mtoto kofia na kutoka. Kwake yeye ilikuwa dawa ya kawaida. Mimi nilibaki nimesimama pale nikiwa na maswali kumi.

Virusi hivyo havimdhuru mtu. Vinaitwa bakteriofaji, na wenye kazi yao huviita faji tu. Faji huwaandama bakteria peke yao. Ni mdogo kuliko bakteria mara kumi na zaidi, hana miguu ya kuogelea wala namna ya kujitafutia chakula. Huelea tu mpaka agongane na bakteria wa aina anayoiweza. Akimpata hujishikiza kwenye ngozi yake, huingiza ndani vinasaba vyake, na kuanzia hapo bakteria huacha shughuli zake zote na kugeuka karakana ya kutengeneza faji wapya. Baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, bakteria hupasuka na faji kadhaa, pengine mamia, hutoka kwenda kutafuta wengine. Bakteria wakiisha, faji nao hukosa pa kuzalia na kupungua wenyewe. Seli za mwanadamu hawazigusi.

Tbilisi ni mji mkuu wa Georgia, na msomaji ambaye hajafika huko asiichanganye nchi hiyo na lile jimbo la Marekani. Hii ni nchi iliyokaa chini ya milima ya Caucasus, magharibi yake Bahari Nyeusi, kaskazini Urusi, kusini Uturuki na Armenia. Kutoka Mwanza unaruka hadi Dar es Salaam, kisha Istanbul, kisha Tbilisi. Watu wake wote hawafiki milioni nne. Sensa yetu ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872. Kwa hiyo nchi nzima, yenye bunge lake na herufi zake 33, ina watu karibu sawa na sisi tuliopo kuanzia Ukerewe hadi Kwimba. Kila nilipoona jambo kubwa huko niliikumbuka hesabu hiyo. Iliniondolea dhana kwamba wenzetu wanaweza kwa sababu ni wengi. Wala si matajiri wa kupindukia: nyumba nyingi za mji wa kale zimepasuka kuta, roshani za mbao zimeinama, na mabasi yao madogo yaitwayo marshrutka hujaza watu kwa namna ambayo mkazi yeyote wa Pasiansi, mtaa wangu wa Mwanza, aliyepanda daladala ya jioni kutoka mjini ataielewa mara moja.

Lakini kuna vitu vinavyomfanya mgeni ageuze shingo. Basi likipita mbele ya kanisa, abiria, hata kijana mwenye simu mkononi, hujifanyia ishara ya msalaba, tena na tena, kisha huendelea na mambo yake. Mikate huokwa katika tanuri la udongo lililochimbwa kama kisima, mwokaji akiinama hadi kiunoni kubandika donge ukutani mwa tanuri. Mbwa wa mitaani ni wakubwa, wamelala juu ya ngazi za benki na mahoteli, na wengi wana kipande cha plastiki cha rangi kwenye sikio. Kipande hicho, mpwa wangu alinieleza, ni alama kwamba mbwa amekamatwa, amechanjwa kichaa cha mbwa, amehasiwa na kurudishwa mtaani kwake. Watu huwawekea chakula. Pasiansi mbwa asiye na mwenyewe tunamkwepa au tunamtupia jiwe, na hakuna anayejua kama amechanjwa. Niliona hapo tabia ambayo baadaye niliikuta tena kwenye dawa: ya kuandika, kuweka alama na kufuatilia.

Mto wa Mtkvari unaukata mji katikati, mpana, wenye rangi ya udongo. Kwenye kingo zake ndipo ilipo Taasisi ya Eliava, ambayo imekuwa ikitafuta, kutunza na kutengeneza faji tangu mwaka 1923. Mwanzilishi wake, Giorgi Eliava, alikuwa daktari kijana wa Tbilisi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichunguza maji ya mto huo yenye vijidudu vya kipindupindu, akaitwa kwenye shughuli nyingine, na aliporudi kwenye darubini akakuta vijidudu vimetoweka. Hakupata jibu mpaka alipofika Paris na kukutana na Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur, ambaye mwaka 1917 alikuwa ametangaza kwamba ameona kiumbe asiyeonekana anayekula bakteria. Mwingereza Frederick Twort alikwishaona jambo la namna hiyo mwaka 1915, lakini d'Hérelle ndiye aliyeliandama na kulipa jina. Wawili hao wakawa marafiki.

D'Hérelle alifanya kazi pia barani kwetu. Mwaka 1925, akiwa mtumishi wa karantini nchini Misri, aliwatibu wagonjwa wanne wa tauni waliokuwa ndani ya meli iliyopita Mfereji wa Suez, kwa kuwachoma sindano ya faji kwenye mitoki iliyovimba. Wote wanne walipona, na habari hiyo ikasambaa duniani. Miaka ya 1930 alikwenda Tbilisi kufanya kazi na rafiki yake. Kisha siasa za Stalin zikaingia kati. Mwaka 1937 Eliava alikamatwa na kupigwa risasi kama adui wa umma. D'Hérelle hakurudi tena. Ajabu ni kwamba taasisi haikufa na mwanzilishi wake. Iliendelea kuchemsha mchuzi wa bakteria, kuvuna faji na kujaza vichupa, ikawahudumia askari na raia wa Muungano wa Sovieti kwa miongo kadhaa.

Huko Magharibi wakati huo njia ilikuwa nyingine. Alexander Fleming aliiona penisilini mwaka 1928, na ilipofika Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Marekani vilikuwa vinaitengeneza kwa wingi. Antibiotiki moja iliua bakteria wa aina nyingi, ikakaa kwenye kopo, ikafika kila kijiji. Faji aliyetaka kuchaguliwa kwa kila mgonjwa akaonekana usumbufu, akasahauliwa. Sisi Afrika Mashariki tuliipokea tiba ya kisasa kupitia Magharibi, kwa hiyo tukarithi pia usahaulifu huo. Ndiyo maana mama wa Tbilisi hununua Intesti kama anavyonunua mkate, na mama wa Pasiansi hajawahi kuisikia.

Mpwa wangu alinipeleka kwenye maabara ya chuo anakofanyia mazoezi. Mwalimu wake, mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likachakaa kwenye viwiko, alinionyesha sahani ya duara ya plastiki yenye kifuniko, ndani yake uji mzito ulioganda, wa rangi ya mchuzi wa kuku. Juu ya uji huo alipaka bakteria waliooteshwa kutoka kwenye usaha wa kidonda, akasubiri pakauke, kisha kwa mrija mwembamba akadondosha matone manne ya faji wa aina nne tofauti, kila tone katika robo yake, kila robo na namba iliyoandikwa kwa kalamu chini ya sahani. Sahani ikaingia kwenye kabati la joto. Tuliporudi kesho yake, uso mzima wa uji ulikuwa umefunikwa na utando mweupe wa bakteria waliostawi usiku kucha, isipokuwa sehemu mbili. Pale palipodondoshwa tone la kwanza palikuwa na duara angavu, safi, ukiona meza ya chini kupitia hapo. Tone la tatu lilikuwa limeacha duara lenye ukungu, bakteria wachache wakiwa wamesalimika. Kwenye la pili na la nne hapakuwa na alama yoyote; bakteria walikuwa wameota juu yake.

Mwalimu aliniwekea kidole kwenye duara la kwanza, akasema kupitia kwa mpwa wangu kwamba huyu ndiye wa kumpa mgonjwa. Akaonyesha la tatu: huyu anaweza kusaidia akiwa na mwenzake. Ya pili na ya nne hakuyasemea lolote, akafunga kifuniko na kuandika matokeo kwenye daftari.

Hapo ndipo nilipoelewa vichupa vya friji. Kwetu Mwanza, pale kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hakuna mvuvi atakayebeba wavu wa dagaa, wenye matundu ya kupitisha punje ya mchele, akaenda kumtegea sangara wa kilo kumi. Wala mwenye nyavu za sangara hatazishusha usiku wa giza penye taa za dagaa. Kila samaki na wavu wake. Faji ni hivyo hivyo. Anayemuua bakteria aitwaye Staphylococcus hamgusi yule aitwaye Klebsiella, na hata ndani ya Klebsiella anaweza kuua ukoo mmoja na kuupita mwingine. Kwa sababu hiyo Watbilisi huchanganya faji wengi katika kichupa kimoja: Pyo imelengwa kwa vijidudu vya usaha na vidonda, Intesti kwa vya tumbo. Tena mchanganyiko huo hausimami pale pale miaka yote. Bakteria wapya wanaotoka hospitalini hujaribiwa nao, na faji walioshindwa huongezewa wenzao wapya. Mgonjwa ambaye kichupa cha dukani hakimfai huchukuliwa sampuli, na hapo huanza kazi ya kumtafutia faji wake ndani ya hifadhi. Akikosekana humo, watu huchukua ndoo na kwenda mtoni au kwenye majitaka, kwa maana faji hukaa pale bakteria wanapokaa.

Tulipita pia kwenye kituo cha tiba cha Eliava. Kwenye viti vya kusubiria nilisikia Kiingereza cha Marekani, Kifaransa na lugha nyingine nisizozitambua. Mzee mmoja alikuwa na mguu uliofungwa bandeji hadi gotini. Watu hao wametoka kwenye nchi zenye hospitali ambazo sisi huziota, wakaja hapa kwa sababu dawa za huko kwao zimegonga mwamba. Niliwatazama nikawaza mgonjwa wa kisukari wa mtaani kwetu, ambaye kidonda cha mguu wake kilitibiwa kwa miezi kwa kubadilishiwa vidonge na sindano, akizunguka kutoka zahanati moja hadi nyingine. Katika muda wote huo hakuna aliyepangusa kidonda kile na kuotesha usaha wake ili kujua ni mdudu gani aliyekaa mle. Mwisho mguu ulikatwa.

Huko Georgia wana simulizi yao ya vidonda. Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia, watu watatu waliokwenda kutafuta kuni walikuta msituni vyuma viwili vyenye joto, theluji ikiwa imeyeyuka pembeni yake. Waliviweka karibu yao usiku ili wapate kuota. Vilikuwa mabaki ya mitambo ya Kisovieti yenye strontiamu ya mionzi, na viliwaunguza vibaya. Vidonda vya wawili kati yao vikaingiwa na Staphylococcus aliyezikataa antibiotiki nyingi. Madaktari waliwawekea kipande cha utando laini kinachooza chenyewe, kilichotiwa faji na dawa nyingine, na bakteria wale wakatoweka kwenye vidonda ndani ya siku chache. Ugonjwa wa mionzi faji hawezi kuutibu, lakini usaha aliuondoa.

Nikiwa Tbilisi nilianza kuutazama mtaa wangu kwa macho mengine. Pasiansi iko kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, kati ya mawe makubwa ya Mwanza na ziwa. Tuna Chuo cha Wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1966, ambako vijana hufundishwa kumlinda tembo na simba. Tuna maduka ya dawa kila baada ya nyumba kadhaa, yenye huduma ya haraka na wauzaji wakarimu. Mtu huingia akaeleza anavyojisikia, akataja mwenyewe dawa anayoitaka: nipe rangi mbili, nipe amoksi, nipe sipro ya UTI. Hela ikiwa haitoshi dozi nzima, huchukua vidonge vya kuanzia, na nafuu ikija siku ya pili vinavyobaki huhifadhiwa kwa ajili ya homa ijayo. Bakteria waliosalimika hapo ni wale wagumu, na ndio wanaozaana.

Matokeo yake yanajulikana na yameandikwa hapa hapa Mwanza. Kwenye kilima cha Bugando, penye hospitali ya rufaa na chuo kikuu cha tiba cha CUHAS, watafiti kama Profesa Stephen Mshana na wenzake wamechapisha kwa miaka mingi taarifa za Klebsiella wa watoto wachanga na E. coli wa njia ya mkojo wanaozikataa dawa ambazo zamani ziliwaua bila shida. Mwanza ilikuwa pia kati ya maeneo ya mradi wa HATUA, uliochunguza maambukizi ya njia ya mkojo na matumizi ya antibiotiki nchini Tanzania, Kenya na Uganda, na kukuta usugu umeenea. Duniani kote, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba usugu huo uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 katika mwaka 2019 pekee, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi. Serikali huuita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mabango yake yapo kwenye kuta za vituo vya afya. Mgonjwa aliyelala wodini hulifahamu jambo hilo kwa njia nyingine: anaambiwa kwamba dawa inayoweza kumsaidia ni moja tu, ni ya sindano, na bei yake familia haiwezi.

Sasa turudi kwenye ndoo. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin aliandika kwamba maji ya mito ya Ganges na Jumna nchini India yaliua vijidudu vya kipindupindu, na yakichemshwa nguvu hiyo hupotea. Hakujua sababu, leo wengi wanaamini walikuwa faji. Ziwa letu nalo lina kipindupindu chake. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika na huku Mwanza. Na upande wa Kenya wa ziwa hili hili, watafiti walichota maji katika mazingira yanayolizunguka, wakayachunguza, wakakuta faji wanaomuua Vibrio cholerae. Walichapisha matokeo yao mwaka 2014. Maji hayatambui mpaka uliochorwa katikati ya ziwa. Kile kilichomshangaza Eliava kwenye Mtkvari huenda kimo pia katika maji yanayopiga mawe ya Bwiru na Kirumba.

Kuna jingine kutoka kusini mwa bara letu. Mwaka 2010, mjini Durban, mwanafunzi aitwaye Lilli Holst alikwangua biringanya lililooza, akapata humo faji aliyempa jina la Muddy. Faji huyo alihifadhiwa kwenye mkusanyiko wa Profesa Graham Hatfull, Pittsburgh, Marekani. Miaka kadhaa baadaye, msichana wa Uingereza, Isabelle Carnell-Holdaway, aliyekuwa amepandikizwa mapafu, aliingiwa na Mycobacterium abscessus aliyeshinda dawa zote. Hospitali ya Great Ormond Street ya London iliomba msaada, na kati ya maelfu ya faji wa mkusanyiko wa Hatfull, Muddy wa Durban alikuwa mmoja wa watatu waliomfaa. Hali ya msichana huyo iliimarika sana, na habari ikachapishwa mwaka 2019. Kabla yake, mwaka 2016, Profesa Tom Patterson wa San Diego, aliyeugulia Misri na kuzimia kwa wiki nyingi kwa sababu ya bakteria sugu aitwaye Acinetobacter, alizinduka baada ya kupewa faji kwenye mishipa. Mkewe, Steffanie Strathdee, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, ndiye aliyezunguka dunia nzima kwa simu na barua akiwatafuta faji hao.

Niliisoma habari ya biringanya nikafikiria jalala la Mwaloni jioni, lenye nyanya zilizopasuka, magamba ya samaki na maji meusi yanayotiririka kuelekea ziwani. Tunapita hapo tukiziba pua. Bila shaka mna faji humo wa kila namna. Tofauti kati ya jalala la Durban na letu ni kwamba la Durban alikuja mtu mwenye kichupa, akachukua, akaandika tarehe na mahali, akaweka kwenye friji, na friji ile haikuzimwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Haifai kumletea msomaji matumaini ya uongo. Faji si dawa ya kila ugonjwa. Bakteria waliojificha ndani ya seli za mwili, kama wa homa ya matumbo au kifua kikuu, ni vigumu kuwafikia. Bakteria hujifunza kuwakwepa faji pia, ndiyo maana huchanganywa. Jaribio liitwalo PhagoBurn, lililofanywa kwa watu walioungua huko Ufaransa na Ubelgiji, lilionyesha faji wakifanya kazi polepole kuliko krimu ya kawaida; baadaye iligundulika kwamba dawa ilikuwa imepungua nguvu sana kabla ya kumfikia mgonjwa. Huko Bangladesh, watoto wenye kuhara waliopewa faji hawakupata nafuu kuzidi wenzao. Pia wengi wa waliopona Tbilisi wameandikwa katika majalada ya Kigeorgia na Kirusi, bila yale majaribio makubwa ya kulinganisha makundi mawili ambayo madaktari wa leo huyadai. Mwalimu wa mpwa wangu hakulificha hilo. Alichosema ni kwamba mgonjwa aliyeishiwa dawa hana muda wa kusubiri, na mtafiti asiyefanya jaribio hana haki ya kumlaumu aliyethubutu.

Katika miaka ya 1990, Sovieti ilipovunjika, Georgia iliingia katika vita na umaskini. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, na hifadhi ya faji iliyohitaji ubaridi ikawa hatarini. Sehemu yake ilipotea. Wafanyakazi wa taasisi waliopokea mishahara isiyotosha mkate waliing'ang'ania iliyobaki. Sisi tunajua vizuri umeme kukatika. Kila mwenye friji ya samaki Pasiansi anajua. Jambo nililolipima dhidi ya kwetu hapo ni uvumilivu wa kutunza kitu kwa miaka 100 bila kujua nani atakihitaji.

Nikitafuta mbegu za uvumilivu huo upande wetu, zipo. Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, wanasayansi wamefanya kazi na faji wa kumuua Salmonella wa kuku, ili mfugaji apunguze antibiotiki anazotia kwenye maji ya mabanda. Makerere, Uganda, wataalamu wa Afrika Mashariki wamefundishwa namna ya kuwatafuta faji katika majitaka na kuwatambua, kwa msaada wa shirika la Phages for Global Health. Mwanza nako bakteria sugu wameshahifadhiwa kwenye friji za watafiti wao, tena na majina yao. Kwa mujibu wa sahani niliyoonyeshwa, hiyo ni nusu ya kazi: ukishamjua adui kwa jina na ukoo, unaweza kumtafutia wa kumla. Nusu iliyobaki ipo ziwani na kwenye mitaro, na kuifuata hakuhitaji mashine za kutisha. Kunahitaji ndoo, chujio, mchuzi wa bakteria, kabati la joto, friji isiyozimwa, daftari, na mwajiri anayekubali kulipa mshahara kwa kazi ambayo tunda lake litaonekana baada ya miaka.

Lakini daktari wa Tbilisi hamchagulii mgonjwa faji wake mpaka apite kwenye sahani, na hapo ndipo sisi tunaweza kuanza sasa, kabla kichupa chochote hakijavuka mpaka. Mtu mwenye kidonda kisichopona, au mkojo unaochoma kila mwezi, aulize: je, vimelea vyangu vimeoteshwa? Daktari aombe kipimo, hospitali ikiweke karibu na mgonjwa wa kawaida, bima ikilipie, na muuza dawa asimfungulie mtu kopo kabla ya kuona cheti. Tukiizoea hatua hiyo moja, antibiotiki tulizonazo zitaishi muda mrefu zaidi, na siku vichupa vya faji vitakapofika Mwanza, au vitakapojazwa hapa hapa kwa maji ya ziwa letu, patakuwa na mtu wa kusoma lile duara angavu na kujua ni nani wa kumpa mgonjwa.